Msizibe Tundu: maneno kwa mafundi na wenye gari kongwe, Chake Chake, Pemba

Maneno haya niliyasema Jumapili asubuhi mbele ya vijana wa gereji, wenye gari kongwe na wazee waliokuja kututazama. Wenzetu wengi wa Micheweni walizuiwa na mvua, na wa Unguja wameomba wayapate. Nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama nyuma na viti vipo: ahsanteni kwa kuitika wito.

Nimeambiwa nizungumze juu ya gari kongwe ndogo, kutu yake, na namna ya kuitengeneza ikapendeza. Wanaosubiri habari za rangi na urembo wastahamili. Rangi nitaifikia mwisho, kwa sababu rangi ndiyo kazi ya mwisho. Anayeanza nayo hunipa kazi mimi mwaka unaofuata.

Gari mnayoiona pale chini ya mwembe ni Mini. Vijana mnaijua kwa picha, wazee mnaijua kwa kuipanda. Mwaka 1956, mgogoro wa Mfereji wa Suez ulipofanya petroli iwe ya mgao huko Uingereza, kampuni ya magari ya BMC ilimtaka mhandisi wake Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, Izmir ya leo, abuni gari ndogo ya watu wanne isiyokunywa mafuta. Ikatoka tarehe 26 Agosti 1959. Urefu wake mita 3.05, rimu za inchi 10, injini imelazwa ubavu ili watu wapate pa kuweka miguu. Januari 1964, mwezi ule ule wa Mapinduzi yetu, kijigari hiki kilishinda mashindano ya Monte Carlo mikononi mwa Paddy Hopkirk, kikizipiku gari zenye injini kubwa mara nne yake. Kikaendelea kutengenezwa mpaka Oktoba 2000, zaidi ya milioni 5.

Sawa. Lakini fundi wa bodi haulizi gari ilishinda wapi. Fundi wa bodi ana maswali mawili tu. Maji yanaingilia wapi? Yanatokea wapi?

Na msidhani waliobuni Mini walijiuliza vya kutosha. Gari za mwanzo zilipouzwa, wenyewe walianza kulalamika kwamba mvua ikinyesha soksi zinarowa. Kwa nini? Kiungo kimoja cha mabati ya sakafu kilipandanishwa kinyume, mdomo wake ukatazama mbele. Gari ikenda, maji ya barabarani yanachotwa na kusukumwa ndani, yanakaa chini ya zulia. Baadaye wakakigeuza. Lakini tazameni: kampuni kubwa, wahandisi wa kutosha, na kosa lenyewe ni mdomo wa bati kuelekea huku badala ya kule.

Haya, tuje kwetu. Kutu inataka vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Sisi tumezungukwa na cha nne, chumvi. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji huurahisishia njia umeme ule mdogo unaopita juu ya bati lenyewe, na huo ndio unaokula chuma. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana gari iliyolala bandani, haikupigwa na tone la mvua, inaliwa vile vile. Bati unaliona kavu, lakini chini ya vumbi la chumvi halikauki.

Mnataka ushahidi? Tizameni pikapu zinazobeba mwani. Mama zetu wanavuna mwani, wengine wanaupakia ukiwa bado haujakauka sawasawa, magunia yanachuruzika njia nzima. Yupo kijana aliniletea pikapu ya kazi hiyo, gari si kongwe hata kidogo. Kwa juu safi. Nikaingia chini na tochi. Pale sakafu ya nyuma inapokutana na fremu, nilitia bisibisi ikapita mpaka kwenye mpini. Nikamuuliza: unaiosha? Akasema kila siku. Unaosha wapi? Juu. Basi hapo ndipo walipo wengi wetu. Tunaosha panapoonwa na watu. Maji matamu, mpira wa bustani, chini ya gari, ndani ya madigadi, kila ukitoka pwani: hiyo ni dawa ya bure, na sijaona mtu anaifanya kwa wiki nne mfululizo.

Sasa nirudi kwenye Mini ile. Imetoka Wete. Mwenyewe yupo hapa, amenipa ruhusa niseme, ila jina lake tuliache. Ilipofika ilikuwa nyekundu, inang'ara, huoni kovu. Nikatoa sumaku nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi, nikaipitisha kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Mbele ikanata. Nyuma ikanata. Katikati ikaanguka chini.

Nikachukua tindo. Kwanza ikaja puti, ile dawa ya kusawazishia bodi, unene wa kidole. Chini ya puti kuna kibati cha kuezekea kilichopigwa riveti. Nyuma ya kibati, saruji. Wallahi saruji, ya kujengea nyumba. Na ndani ya saruji kuna kipande cha kanga kimesokotwa kuziba mwanya, na kanga ile ilikuwa imerowa. Mvua hatukuwa nayo. Gari ilikuwa imelala ndani ya banda. Maji yale yalikuwa mle tangu lini, Mungu ndiye ajuaye.

Mnacheka. Fundi aliyefanya vile mimi simlaumu sana. Mteja alimpa pesa ya rangi tu, na akamwambia anaitaka kabla ya harusi.

Kizingiti cha Mini ni boksi refu lenye uwazi ndani, na kiwanda kilikitia tundu chini ili maji yatoke. Anakuja fundi anaona tundu, anadhani ni ila, anaziba. Au anachukua bati pana zaidi analifunika juu ya kizingiti kilichooza, anachomelea, anapaka. Tundu zote zimefunikwa. Maji yanaingia kwa juu, kupitia raba za mlango na mpaka wa digadi, na chini hayana pa kutokea. Sote tumelelewa na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi leo nakwambieni kinyume chake: kwenye gari, ukiziba ndipo utakapojenga ukuta. Msizibe tundu. Fungueni. Piteni na waya, toeni tope, na kama aliyekutangulieni kaziba, toboeni.

Wenye Mini, na wenye Morris na gari nyengine za rika lake, shikeni sehemu hizi za kutazama. Madigadi ya mbele, nyuma ya taa, kwa sababu tairi inarusha tope pale na halitoki. Kibati kidogo kilicho baina ya digadi na mlango. Bati la chini ya kioo cha mbele, kwenye kona zake mbili. Vizingiti. Sakafu mbele ya kiti, inua zulia. Sanduku la betri ndani ya buti: pale maji na tindikali ya betri hukutana, na sakafu yake huondoka kwanza. Na ile fremu ya nyuma inayobeba magurudumu, ambayo kwenye Mini ni maarufu kwa kuoza dunia nzima. Hiyo ya mwisho ikiwa mbovu, gari hiyo msiiendeshe hata kwenda dukani.

Sasa, umeshafungua, umeshaona. Unafanya nini?

Unakata. Ndugu zangu, bati lililotoboka halina dawa. Nasema tena: bati lililotoboka halina dawa, linakatwa mpaka ufike kwenye chuma kinacholia unapokigonga. Puti kazi yake ni kusawazisha kijibonde cha milimita moja au mbili. Puti si bati. Tena puti hunywa maji. Ukiipaka ukaiacha wazi usiku mmoja kwa hewa yetu hii, asubuhi unafunika unyevu kwa rangi.

Lakini kabla ya kukata, subira. Mini haina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi, na vile vizingiti viwili ndivyo vinavyoizuia gari isipinde katikati. Yupo fundi, hodari wa kuchomelea kuliko mimi, alivikata vizingiti vyote viwili kwa mkupuo mmoja, gari iko juu ya jeki mbele na nyuma. Akachomelea vipya, kazi safi, ukiitazama unapenda. Akashusha gari. Milango haikufunga. Upande mmoja uliacha mwanya wa kuingia mkono, upande mwengine mlango uligota kwenye nguzo. Gari ilikuwa imebonyea wakati iko wazi, naye akaifunga na kubonyea kwake. Ilibidi akate tena kila alichokuwa amekichomelea.

Namna yake ni hii. Gari isimame sawa, uzito wake umekaa pale pale panapokaa magurudumu. Chukua mabomba ya chuma ya mraba, yapige kama msalaba ndani ya uwazi wa mlango, uyashikize kwa kuchomelea kidogo kidogo. Kizingiti kimoja, ukimalize, ndipo uende cha pili. Na kila hatua, funga mlango ujaribu. Mlango ndio mizani yako.

Bati gani? Bodi za gari hizi ni kiasi cha milimita 0.9, geji 20; geji ikizidi, bati ni jembamba zaidi. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 halifiki hata nusu yake. Halina nguvu, na ukilipelekea moto linatoboka kabla halijashika. Bati lililochovywa zinki ni zuri kwa hali yetu, kwa kuwa zinki huliwa kabla ya chuma, lakini kwangua zinki pale unapochomelea, na kaa upepo unapotokea. Moshi wake huleta homa ya usiku, kutetemeka na kifua kubana. Najua mnakunywa maziwa. Maziwa yanaingia tumboni, moshi uko mapafuni. Kunyweni kwa kuwa ni matamu.

Katika kuchomelea, nukta hapa, nukta kule, nukta katikati. Acha bati lipoe baina yake. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati jembamba linajikunja mawimbi, na hapo ndipo puti ya kidole inaporudi kwa mlango wa nyuma.

Nije kwenye kutu ambayo haijatoboa. Hapa ndipo ninapopapenda, na wazee watanisamehe nikikaa.

Mnakumbuka magome ya mikoko? Wazee wetu wakiyabandua na kuyauza kwa kazi ya ngozi, na mkandaa wakiutumia kutia rangi. Kilichomo ndani ya magome yale kinaitwa tanini. Sasa nendeni dukani mkatazame chupa ya dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zinafanya kazi kwa tanini hiyo hiyo, nyengine kwa tindikali ya fosforasi. Tanini ikiikuta kutu inaungana nayo, ile rangi ya udongo inageuka nyeusi inayokaribia buluu, na inakuwa tabaka lililotulia. Sisemi mkakate mikoko, mikoko inatulindia pwani na mazalia ya samaki. Nasema dawa mnayoiona ya kizungu asili yake mnaijua.

Ila dawa hiyo ina masharti. Kwangua kwanza kutu inayobanduka, kwa brashi ya waya. Kisha osha kwa maji matamu, osha tena, kwa sababu chumvi ikibaki chini ya rangi itanyonya unyevu na kutoa malengelenge. Kausha. Ndipo upake dawa, ndipo praima, ile rangi ya chini. Anayepaka dawa juu ya magamba ya kutu kapaka magamba, hakupaka chuma.

Vitu vidogo, bawaba, bolti, vishikio, mnavitia katika nini? Mama zangu hapa wanajua: shaba wanaisugua kwa ndimu au ukwaju. Asidi ya ndimu inayeyusha kutu pia. Ukitaka njia ya nguvu zaidi, ndoo ya plastiki, maji na magadi, chaja ya betri ya volti 12. Waya wa hasi kwenye kitu chenye kutu, waya wa chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Kutu inaachia yenyewe. Fanyeni nje, mbali na moto, kwa sababu inatoka haidrojeni nayo hulipuka. Na kile chuma cha kutupa kisiwe cha pua kama kijiko, kwani hutoa sumu ndani ya maji.

Na zile sehemu zilizofungika, ndani ya vizingiti, ndani ya milango, ambako mkono haufiki? Mafuta. Wengi mnamwaga oili chafu ya injini. Nawaombeni muache. Ina tindikali, inaharibu raba, ni hatari kwa ngozi yenu, na inachuruzika mpaka kwenye visima. Tumieni mafuta safi mazito au nta ya kuzuia kutu, mkiipuliza kwa mrija kupitia tundu zile zile nilizosema msizizibe.

Katika jambo hili kuna kisa ninachokipenda. Nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yanaizuia kutu isienee. Akayahangaikia mpaka akapata rangi inayokauka na isiyonuka, na mwaka 1921 akaanzisha kampuni ya Rust-Oleum huko Marekani. Mimi nilipokisikia kisa hicho nikawakumbuka mafundi wa majahazi wa Nungwi na Tumbe na sifa yao ya papa, yaani mafuta ya papa. Wao hupaka mbao, yeye kapaka chuma. Kijana mmoja hapa alinisikia akaenda kutia sifa mbichi ndani ya milango. Kutu imesimama, kweli. Mkewe amekataa kupanda.

Rangi sasa, kwa ufupi. Masika msipige rangi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, thina inapokauka hulipoza bati, umande unatua juu ya rangi mbichi, na asubuhi unakuta ukungu mweupe. Ngojeni kipupwe, wakati wa kusi, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mkishamwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Na hizi rangi za kisasa za kuchanganya na hadina, dawa ya kuzigandisha, nyingi zina kemikali iitwayo aisosianeti. Kitambaa cha puani hakiizuii. Inaleta pumu, na ikishamshika mtu hawezi tena kuisogelea kazi hiyo. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, piga rangi ya zamani, inang'ara vya kutosha.

Tumalizie na urembo, maana naona vijana mmeanza kusogea mbele.

Wapo watu wanasema gari kongwe isiguswe, ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Mimi si katika hao. Kiwanda kilikuwa Longbridge na Cowley, Uingereza, hakikuwa Chake. Ukitaka kuongeza mikono ya kupanulia madigadi, kuitia keria ya mbao kwa mizigo ya shamba, kushonea viti ukili, kuipaka kijani cha karafuu mbichi, haya, ni yako. Ile mikunjo ya bati iliyotokeza nje kwenye kona za Mini wengine huikata wakalainisha. Mimi nawakataza, kwa kuwa mikunjo hiyo ndiyo inayoshika paneli pamoja, na ukiiondoa huna budi kuchomelea urefu wote. Lakini anayejua kazi na afanye.

Ninaloligomea ni moja. Alinijia kijana kutoka Unguja, ana Mini, anataka kukata paa lote apakie watalii kwenda Nungwi. Kaona picha za Mini Moke, ile gari ya wazi iliyotoka 1964, imetumika visiwa vingi vya joto. Akaniambia, si ni Mini tu iliyokatwa? Nikamwambia hapana, mwanangu. Moke ina maboksi mawili mapana ya chuma ubavuni, kulia na kushoto, mpaka tangi la mafuta na betri vimewekwa ndani yake. Nguvu iko mle. Mini ya kawaida nguvu yake imegawana baina ya vizingiti vyembamba na paa. Ondoa paa, na vizingiti vyenyewe vina saruji na kanga, halafu pakia watu wanne na mabegi, upite shimo moja. Itakunjika hapo milangoni, na watu wamo.

Akauliza, basi haiwezekani? Inawezekana. Unajenga maboksi kwanza, unaongeza bomba nyuma ya kiti cha dereva, unaifunga milango moja kwa moja, unaipeleka ikakaguliwe, ndipo unakata. Gharama yake alipoisikia alinyamaza. Mpaka leo gari iko kwake ina paa lake, na nimesikia kaiwekea dirisha la turubai juu la kukunja. Hilo nimelikubali. Nimemwomba tu aipeleke mifereji ya turubai mpaka chini, isiishie ndani ya nguzo za mlango.

Maswali nitayachukua pale pale penye gari, si humu, kwa kuwa kujibu bila kushika ni kupoteza wakati wenu. Kizingiti cha kushoto sijakifungua, nimekiacha kwa ajili yenu. Tindo ipo, miwani ya kukinga macho ipo miwili, mpokezane. Waliokuja na gari zao wazisogeze karibu na bomba, sumaku nitazipitisha moja moja. Mama zangu wanasema chai iko tayari na mandazi yanapoa, basi wazee watangulie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.